Mafuta ya Nazi na Ngozi Zetu: Kazi ya Asidi ya Lauriki na Mipaka Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Madinat Sultan Qaboos, Maskati, na kupangwa upya kwa ajili ya kijitabu hiki)

   

Kamati ilinitaka nizungumze juu ya jambo moja lenye manufaa kwa ukoo mzima. Nimechagua chupa ya mafuta ya nazi. Natambua wako watakaocheka, maana walitaraji nisimulie nasaba yetu au safari za majahazi. Lakini nasaba imekwisha kuandikwa katika kijitabu cha mkutano uliopita, na chupa hii ndiyo iliyotugawa mwaka huu. Mnakumbuka mabishano yaliyozuka katika kundi letu la simu juu ya mtoto mwenye ukurutu. Mama yake, ambaye ni binti yetu sote, aliiweka kando dawa ya hospitali na kumpaka mtoto mafuta matupu, kwa ushauri wa bibi zake watatu. Vijana wetu wa Ulaya wakamjia juu, wakasema mafuta ya nazi ni ushamba na yatupwe. Bibi wakakasirika. Siku nne watu hawakusalimiana, na katika siku hizo nne mtoto aliendelea kujikuna hadi damu.

Mimi si daktari. Nimeitumikia serikali ya nchi hii tangu mwaka 1984, nilipokuja kutoka Unguja nikiwa kijana wa miaka 24, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kukagua karatasi za bidhaa ziingiazo: mafuta, sabuni na vipodozi. Kazi ile ilinizoesha kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya chupa. Tangu nistaafu nimepata wasaa wa kusoma yaliyo nyuma ya maandishi hayo, na nimemwomba daktari mmoja wa ngozi aliye katika ukoo wetu ayapitie haya ninayoyasema kabla sijasimama hapa. Shabaha yangu si kuwapatanisha watu kwa kusema kila mmoja alikuwa na haki. Nataka tujue ni kitu gani ndani ya chupa hii kinachofanya kazi, kwa sababu tukikijua tutajua pia wapi kazi yake inakoma.

Kitu chenyewe huitwa asidi ya lauriki. Mafuta yote, yawe ya nazi, ya simsim, ya zeituni au samli, yamejengwa kwa asidi za mafuta, na kila asidi ni mfano wa mkufu wa chembe za kaboni zilizoungana. Mikufu hiyo hutofautiana kwa urefu. Mingine imenyooka, mingine ina mikunjo. Asidi ya lauriki ni mkufu mfupi ulionyooka wenye kaboni 12. Asidi ya oleiki, iliyojaa katika zeituni, ina kaboni 18 na mkunjo mmoja. Asidi ya linoleiki, iliyo nyingi katika alizeti, nayo ina kaboni 18, lakini mikunjo miwili. Nawaomba mzikumbuke tatu hizi, maana hoja yangu yote imo humo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki. Katika vyakula vyetu vya kila siku hakuna kingine kinachoikaribia nazi kwa hilo, ila mafuta ya kokwa za mchikichi.

Jina lake halikutoka kwenye mnazi. Limetoka kwenye mti wa nchi za Mediterania ambao Waarabu huuita ghaar na Walatini waliuita laurus. Mafuta ya tunda la mti huo ndiyo yanayotiwa katika ile sabuni ya Halab ya rangi ya kijani, ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za wanadamu mwaka 2024. Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaodhani kuwa kujipaka asidi ya lauriki ni jambo la watu wa pwani peke yetu. Watu wa Sham wamejiosha nayo karne nyingi, bila ya kuuona mnazi.

Asidi hii ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 44. Ikichanganyika na wenzake ndani ya mafuta ya nazi, mafuta yote huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Ndiyo sababu chupa ya Unguja huganda asubuhi za kipupwe, na chupa ya hapa Maskati huganda mwezi wa Agosti, chumbani penye kiyoyozi, ilhali nje ya dirisha jua linapasua mawe. Khalati mmoja wa hapa MSQ alimwaga chupa tatu akidhani zimechanganywa na mafuta ya nguruwe. Mafuta yaliyoganda hayana kasoro yoyote. Yawekeni kiganjani yatayeyuka.

Sasa kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Ndani ya chupa, asidi ya lauriki haiko huru. Mikufu mitatu ya asidi imefungwa pamoja katika glisarini, na ikiwa imefungwa hivyo haina ukali. Huko ngozini ndiko inakofunguliwa, kidogo kidogo, na vimeng'enya vya ngozi yenyewe na vya vijidudu vinavyoishi juu yake. Tofauti baina ya asidi iliyofungwa na iliyofunguliwa si ndogo. Mwaka 2018 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitangaza kuwa asidi zilizotolewa katika mafuta ya nazi, lauriki ikiwa miongoni mwao, ziliwafukuza nzi waumao, kupe na kunguni kwa muda mrefu kuliko dawa maarufu ya DEET. Lakini mafuta ya nazi yenyewe, kama yalivyo, hayakuwa na nguvu hiyo. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba asidi ya lauriki imeua kijidudu fulani katika chupa ya maabara, muulizeni kwanza: ilikuwa huru au ilikuwa imefungwa?

Mwili wa binadamu nao unaijua asidi hii tangu siku ya kwanza. Maziwa ya mama yanayo; kwa kawaida kiasi cha sehemu 5 katika 100 za mafuta ya maziwa hayo, na kwa mama anayekula nazi huweza kuzidi. La ajabu ni kwamba ziwa halingoji mama ale nazi. Tezi za maziwa zina kimeng'enya maalumu kinachokata mikufu ya mafuta ikiwa bado mifupi, ili asidi za aina ya lauriki zipatikane. Zinamfaa mtoto kwa njia mbili: tumbo lake changa huziyeyusha kwa urahisi, na zikishafunguliwa tumboni humsaidia kupambana na vijidudu. Katika ngozi ya mtu mzima pia imo kidogo, ndani ya yale mafuta yanayotoka vinyweleoni, pamoja na jamaa yake aitwaye asidi ya sapieniki. Na ule ute mweupe mzito anaozaliwa nao mtoto, ambao zamani ulisuguliwa haraka kama uchafu, nao una asidi za mafuta zenye kazi ya ulinzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asioshwe mpaka zipite saa 24 tangu kuzaliwa. Natumaini akina mama wadogo waliomo humu watawaonyesha wakwe zao ukurasa huu kwa adabu.

Namna inavyoua vijidudu inaeleweka. Bakteria amezungukwa na utando wa mafuta. Mkufu wa kaboni 12 una urefu unaouwezesha kujipenyeza katika utando ule na kuuvuruga hadi unavuja. Mwaka 1972, Jon Kabara na wenzake huko Marekani walizilinganisha asidi nyingi za mafuta wakaona kuwa, kati ya zile zilizonyooka, lauriki ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote dhidi ya kundi kubwa la bakteria ambalo ndani yake yumo stafilokokasi. Huyu stafilokokasi mshikeni vizuri, maana ndiye adui wa mtoto wetu mwenye ukurutu.

Ama kuhusu ukurutu, ambao madaktari wa Tanzania siku hizi wanauita pumu ya ngozi, nitakawia hapa kidogo. Fikirieni ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe: mawe, na baina ya mawe chokaa. Ngozi ya juu imejengwa vivyo hivyo. Seli kavu ndizo mawe, na chokaa yake ni mchanganyiko wa mafuta, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mwenye pumu ya ngozi amezaliwa na ukuta ambao chokaa yake ni haba. Maji ya mwilini yanatoka, ngozi inakauka na kuwasha. Na vitu vya nje, kama vumbi, sabuni na vijidudu, vinaingia. Anajikuna, ukuta unazidi kubomoka. Ndipo stafilokokasi anapofanya makazi katika nyufa na kuuchochea uvimbe. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kama katika picha za vitabu vya Kizungu. Huonekana weusi, ukavu wa kijivu na ngozi nene yenye vijipele. Kwa sababu hiyo watoto wetu huchelewa kutambuliwa, hata na madaktari.

Je, mafuta ya nazi yanafanya nini hapo? Wafilipino, ambao ni watu wa nazi kama sisi, ndio waliojishughulisha kulipima jambo hili. Mwaka 2004 walionyesha kuwa kwa ngozi kavu ya kawaida mafuta ya nazi ni sawa na mafuta meupe ya madini yanayouzwa madukani. Hayakuzidi wala hayakupungua. Mwaka 2008 waliwachukua watu wazima 52 wenye pumu ya ngozi, nusu wakapakwa mafuta ya nazi na nusu mafuta ya zeituni, mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Katika kundi la nazi, watu 20 walikuwa na stafilokokasi kabla ya kuanza. Mwishoni alibaki mmoja. Katika kundi la zeituni walikuwa 12, wakabaki 6. Mwaka 2014 wakawapima watoto 117 wenye ugonjwa mwepesi na wa wastani kwa wiki nane: alama za ugonjwa zilipungua kwa asilimia 68 kwa waliopakwa nazi, na asilimia 38 kwa waliopakwa mafuta ya madini. Aidha, huko Karachi, ng'ambo ya bahari hii hii, utafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya nazi hospitalini walipata maambukizo machache sana kuliko wenzao.

Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wakibahatisha. Lakini angalieni vizuri maneno niliyoyasoma. Watoto wale wa Ufilipino walikuwa na ugonjwa mwepesi na wa wastani. Idadi ya watu ni ndogo. Na hakuna hata utafiti mmoja kati ya hiyo uliosema mafuta yanachukua nafasi ya dawa ya kuzima uvimbe pale ngozi inapowaka. Krimu ya steroidi, ikipakwa kwa kiasi na kwa siku alizosema daktari, ndiyo inayozima moto. Mafuta ni kuuziba ukuta usiwake tena. Kuyashindanisha hayo mawili ni sawa na kumuuliza fundi achague baina ya maji ya kuzimia moto na chokaa. Mtoto wetu sasa anapata vyote viwili, krimu jioni na mafuta asubuhi na baada ya kuoga, na bibi zake watatu ndio wanaosimamia saa.

Kuna tahadhari moja sitaki isahaulike. Ukurutu ukitoa usaha au ukoko wa manjano, au mtoto akapata homa, au vikatokea vijipele vingi vya maji vilivyo sawasawa na vyenye maumivu, hapo chupa iwekwe chini na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile.

Linalofuata najua litawaudhi baadhi. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote mezani, si mafuta mazuri ya kumpaka mtoto mchanga wala mwenye pumu ya ngozi. Asidi ya oleiki, ile ya kaboni 18 na mkunjo mmoja, hujipenyeza katika chokaa ya ngozi na kuilegeza. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu wazima 19 mafuta haya kwenye mikono kwa wiki kadhaa wakaona ukuta wa ngozi umedhoofika, hata kwa wasiokuwa na ugonjwa. Mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Sababu ni ile asidi ya tatu, linoleiki. Mwili hauwezi kuitengeneza, na bila yake seramidi za ngozi hazijengeki; tangu mwaka 1929 George na Mildred Burr walionyesha kuwa panya walionyimwa mafuta kabisa walitoka magamba ngozini. Mafuta ya nazi yana linoleiki kidogo mno. Ndiyo kusema nazi ni mlinzi mzuri wa ukuta, lakini hachanganyi chokaa. Anayetaka kumpaka mtoto wake alizeti badala ya nazi hajaukana ukoo.

Nao vijana wetu wasidhani kuwa kumpaka mafuta kila mtoto mchanga kutamkinga asipate pumu ya ngozi. Uingereza walilijaribu hilo kwa watoto 1,394, karibu nusu yao wakipakwa mafuta ya dukani kila siku kwa mwaka mzima, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa hayakuwakinga.

Nije kwenye mahali ambapo mafuta ya nazi hayafai, na hapa nitataja manne.

La kwanza ni uso wenye chunusi. Hapa pana mtego, kwa sababu mwaka 2009 Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilionyesha kwamba asidi ya lauriki huua bakteria wa chunusi, na habari ile imezunguka dunia. Lakini iliyopimwa ni asidi huru, katika maabara na katika panya. Mafuta mazima huziba vinyweleo, na kwa wengi huzidisha kile walichotaka kukiondoa.

La pili ni mba, wa kichwani na ule wa mabaka ya kifua na mgongo. Fangasi anayeuleta hawezi kujitengenezea mafuta. Hula ya ngozi zetu. Kumpaka mwenye mba mafuta kila siku ni kumwekea mgeni mbaya sahani.

Fangasi huyu, hata hivyo, ametupa zawadi moja. Wataalamu wa Roma waliochunguza kwa nini mabaka yake hupauka walifikia kwenye asidi nyingine ya jamii hii, asidi ya azelaiki, ambayo imo pia katika ngano na shayiri. Leo ni dawa kamili ya chunusi na ya mabaka meusi yanayobaki baada yake. Nawaomba mabinti wetu waijue, kwa sababu mabaka hayo ndiyo yanayowapeleka kwenye krimu za kujichubua. Katika utumishi wangu nilipitisha mikononi karatasi nyingi za krimu hizo, nyingine bila ya jina la kiwanda, na zebaki haiandikwi kwenye kopo. Nchi zilizotia saini Mkataba wa Minamata ziliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Uamuzi ni mzuri. Makopo bado yanasafiri mifukoni mwa watu. Zebaki huharibu figo, na mama mwenye kujipaka humfikishia mtoto aliye tumboni.

La tatu ni kuungua. Aliyeungua na amwagiwe maji ya bomba yenye ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20 kamili. Si mafuta, si dawa ya meno, si unga, si barafu. Mafuta yakipakwa kwenye jeraha la moto huzuia joto lisitoke, na daktari atalazimika kuyasugua kabla ya kuona kilicho chini. Kidonda kikishafunga na ngozi mpya ikawa kavu, hapo mafuta yana nafasi yake tena.

La nne ndilo linalonigusa zaidi. Mmoja wetu, na nasema kwa idhini ya wanawe, alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alipata kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu na hakukihisi, maana kisukari kilikwisha kuua fahamu ya nyayo. Akakipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, kwa wiki tano, akawa anatuambia kinaendelea vizuri kwa vile hakimuumi. Alipofikishwa hospitali ilibidi akatwe vidole viwili. Mafuta hayakumletea kidonda kile. Yalimpa subira ambayo hakustahili kuwa nayo. Katika ukoo huu wenye kisukari ni wengi, na sitawahesabu hadharani. Nawaomba hivi: pakeni mafuta juu ya mguu na kwenye nyayo zilizokauka, msiyapake baina ya vidole, kwani unyevu wa pale hulea fangasi, tazameni nyayo kila usiku, au mjukuu awatazamie, na kidonda chochote cha mguu kionwe na daktari, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Kuhusu kula sitasema mengi. Asidi ya lauriki hupandisha kolesteroli, ile mbaya pamoja na ile nzuri, na mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kiliwashauri watu wasiyafanye mafuta ya nazi kuwa chakula cha afya. Wali wa nazi wa Ijumaa hatutauacha. Kijiko cha mafuta kila asubuhi, kama wanavyofanya baadhi ya jamaa zetu wa Toronto, hakina faida niliyoiona.

Sasa niwafurahishe kidogo kwa kazi yangu ya zamani. Geuzeni chupa ya shampuu mtasoma, kwa herufi ndogo, sodiamu laurili salfeti. Huyo ni mtoto wa asidi yetu hii hii. Viwanda huichukua lauriki ya nazi au ya mchikichi, huigeuza kuwa alkoholi, kisha huifunga na salfeti, ikawa kitoa povu kikali kuliko sabuni ya kawaida. Kinaondoa uchafu, na chokaa ya ukuta wa ngozi pia. Basi nyumba yenye mtoto wa ukurutu inaweza kumpaka nazi asubuhi na kumwosha kwa mjukuu wa nazi jioni, ikastaajabu kwa nini haponi. Tafuteni sabuni isiyokuwa na kitu hicho wala manukato, maji yawe vuguvugu, na mafuta yapakwe ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapa Maskati, ambako kiyoyozi hukausha ngozi usiku kucha, hilo la unyevu ni kubwa kuliko aina ya mafuta.

Wakati wa kununua msitishwe na bei. Mafuta yaliyokamuliwa kwa tui na mafuta ya mbata yaliyosafishwa kiwandani yana lauriki kiasi kile kile. Ya tui yamebaki na harufu na viambato vingine vichache. Ya kiwandani yameoshwa na kupaushwa. Kwa mtoto chagueni yaliyo safi, yasiyotiwa manukato, liwa, karafuu wala mwarobaini, na msichovye vidole ndani ya kopo; tumieni kijiko kikavu. Jaribuni kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku mbili, kwani wapo, ingawa ni wachache, ambao nazi yenyewe huwadhuru. Yakinuka uchachu, yatieni taa.

Wajukuu wameomba waone jinsi mafuta ya tui yanavyopatikana, kwa sababu wengine hawajapata kuiona mbuzi ila picha. Nazi 30 zimeletwa kutoka Salala, ambako minazi inaota vizuri kama kwetu. Mbuzi mbili na kifumbu kimoja cha ukili vimetoka Pemba katika sanduku la shangazi. Baada ya chakula cha mchana tutakutana uani: vijana wakune, akina mama wakamue, tui lichemke polepole mpaka maji yaishe na mafuta yaelee. Kila nyumba itaondoka na chupa moja. Kwenye kila chupa nimebandika karatasi yenye yale manne niliyoyataja, kwa herufi kubwa, na namba ya simu ya daktari wetu imo nyuma.